Banda la Gari la Seer Green: shajara ya kipindi kimoja cha sauti

Mradi: kipindi kimoja cha sauti cha Kiswahili, dakika 40, kuhusu Olias of Sunhillow, albamu aliyoitengeneza Jon Anderson akiwa mbali na Yes, bendi ya roki ya Uingereza ambayo yeye alikuwa mwimbaji wake.
Watu: mimi na mpwa wangu.
Vifaa: maiki moja, kompyuta ya mkononi, magodoro mawili ya kuzibia mwangwi, na jogoo wa jirani ambaye hakualikwa.

3 Juni

Leo nimeanza rasmi, maana yake nimefungua daftari. Hadi jana nilikuwa na wazo tu na santuri moja yenye mkwaruzo, niliyobebewa na binamu yangu kutoka London ikiwa imelazwa katikati ya mashuka.

Stori za mwimbaji kutoa albamu yake mwenyewe tunazijua. Wamegombania pesa, au mwanamke, au nani asimame mbele kwenye picha. Kaondoka, kaapa harudi. Ya Anderson haiko hivyo, na ndiyo sababu imenivuta. Yeye hakuondoka Yes. Bendi yote ilikubaliana kupumzika, na katika mapumziko hayo kila mmoja wa wale watano akaenda kutengeneza albamu yake. Kama nyumba iliyoamua kwamba msimu huu kila mtu ajipikie, halafu turudi kwenye chungu kimoja.

Niweke tarehe sawa kabla sijazichanganya. Yes walitoa Relayer mwishoni mwa 1974. Walikuwa Anderson kwenye sauti, Chris Squire kwenye besi, Steve Howe kwenye gitaa, Alan White kwenye dramu na Mswisi Patrick Moraz kwenye kinanda, aliyeshika nafasi ya Rick Wakeman. Baada ya ziara za 1975 wakatawanyika. Howe akatoa Beginnings na Squire akatoa Fish Out of Water kabla mwaka haujaisha. White na Moraz wakafuata 1976. Anderson alikuwa wa mwisho kabisa, Julai 1976.

Wenzake waliendelea kutembeleana. Moraz alipiga kinanda kwa Squire. Katika albamu ya White kuna wimbo wenye maneno ya mshairi William Blake ambao Anderson ndiye anauimba na Howe yupo na gitaa lake. Lakini kwenye albamu ya Anderson mwenyewe hakuna hata mmoja wa wale wanne. Ala zote kapiga yeye: vinubi, gitaa, sinthesaiza, ngoma, vikorokoro vya kugonga na kutikisa. Sauti zote ni zake. Na yote yalirekodiwa nyumbani kwake Seer Green, kijiji cha Buckinghamshire, upande wa kaskazini-magharibi wa London, gerejini.

Hapo kwenye gereji mpwa wangu kanikatiza: "Mjomba, alirekodia kwa makenika?" Kwetu gereji ni mafuta machafu na bodaboda zilizofunguliwa injini, si chumba cha pembeni ya nyumba cha kulaza gari. Nimefuta. Kwenye kipindi litakuwa banda la gari.

Sentensi ya kufungulia niliyoiandika: "Mtu mmoja alijifungia bandani peke yake akatoka na kabila zima." Mpwa wangu anasema ni nzuri ila inanukia tangazo la sabuni. Naiacha kwa sasa.

5 Juni

Siku nzima nimepambana na jina la aina ya muziki wa Yes: roki ya progresivu. Nimejaribu maelezo matatu na yote yananifanya nionekane mwalimu wa chuo. Mwishoni nimeamua kutoeleza. Nitasema tu kwamba vijana hawa wa Uingereza walichoka na wimbo wa dakika tatu, na kwamba mwaka 1972 Yes walirekodi wimbo mmoja, "Close to the Edge", uliojaza upande mzima wa santuri, zaidi ya dakika 18. Mwaka uliofuata wakatoa santuri mbili zenye nyimbo nne tu, na Wakeman akaona yatosha, akajiondoa.

Msikilizaji aliyekulia kwenye taarabu hatashtuka. Bibi yangu angeuliza dakika 18 zimeishaje kabla watu hawajaanza kutunza.

9 Juni

Nimeuliza kuhusu haki za kutumia vipande vya albamu. Jibu: hata nusu dakika inahitaji kibali na malipo ambayo mradi huu hauna. Sikutegemea tofauti.

Kwa hiyo kipindi kuhusu muziki hakitakuwa na muziki wenyewe. Nimekaa na jambo hilo tangu mchana. Uamuzi: kila tunachotaka msikilizaji akielewe tutakitengeneza sisi, kwa koo zetu, hapa chumbani. Tusiige nyimbo zake. Tuige kazi yake. Akitaka nyimbo atazitafuta mwenyewe, na akizipata atajua anasikiliza nini.

14 Juni

Siku bora hadi sasa, na ndefu.

Mpwa wangu huimba sauti ya pili kwaya ya kanisani, kwa hiyo yeye ndiye Anderson wetu. Lengo: sauti moja igeuke umati. Tumeanza na kosa la kila anayeanza. Aliimba mstari mmoja vizuri kabisa, nikaunakili mara nane. Hakukutokea watu nane. Alitokea mtu yuleyule akipiga kelele. Kihesabu ndivyo ilivyo: ukirudufu sauti ileile unaongeza desibeli 6 kila unapoizidisha mara mbili, lakini hakuna kinachotanuka, kwa sababu mawimbi yamelaliana kama sahani kabatini. Ukiimba upya, unaongeza desibeli kama 3 tu, ila hapo ndipo upana unapozaliwa. Mara hii umechelewa kidogo kuanza, mara ile umepanda juu ya noti kwa unywele mmoja, pumzi imeisha mapema. Makosa hayo madogo ndiyo yanayoambia sikio kwamba hapa kuna watu, si mtu.

Basi akaimba upya. Mara ya pili, ya tano, ya kumi. Kufikia ya 12 alikuwa ameanza kuchoka na koo limeshuka, na cha ajabu, zile sauti za uchovu zilipokaa chini ya zile za mwanzo zilisikika kama wazee wamejiunga na vijana. Hatukuzifuta. Tulisimama kwenye 16.

Kisha likaja tatizo la herufi s. Neno tulilochagua lilikuwa "safari", na hatukufikiria. Watu 16 wakisema "safari" kwa kupishana sehemu ndogo ndogo za sekunde, ile s inakuwa mvua juu ya bati. Nilianza kuhangaika na programu, kupunguza hapa, kukwangua pale. Mpwa wangu kaniangalia wee, halafu akasema kwaya yao dawa wanayo: mwalimu anachagua mtu mmoja aseme s, wengine wote waimbe "afari". Tumefanya hivyo. Inafanya kazi kiasi cha kuudhi. Sikio linajaza lenyewe, na hakuna atakayegundua kwamba watu 15 wanaimba neno ambalo halipo kwenye kamusi.

Usiku nimerudi kwenye santuri na kuisikiliza upya kwa masikio ya leo. Kuna mahali Anderson anaimba silabi za kubuni, zisizo za lugha yoyote, nyingi zikiwa za irabu pana na konsonanti laini. Siku zote nilidhani ni mambo ya kiroho. Sasa nadhani, bila ushahidi wowote isipokuwa jasho la leo, kwamba mtu anayejipanga sauti juu ya sauti mwisho wake lazima apende maneno yasiyo na s.

Tena sisi tuna kompyuta. Tukikosea tunafuta. Yeye alikuwa na kanda ya sumaku. Kanda ina nafasi za kuhesabika za kurekodia, na zikijaa unalazimika kuchukua mistari kadhaa, kuichanganya iwe mmoja, na kuendelea juu yake. Ukishafanya hivyo na zile za mwanzo ukazifuta, hurudi nyuma: sauti iliyokaa juu mno itakaa juu mno milele. Na kila safari ya namna hiyo inaongeza mvumo wa kanda. Kujenga umati kwa njia hiyo ni kujenga ukuta ambao kila tofali ukiliweka hutaligusa tena.

15 Juni

Jogoo.

21 Juni

Leo hadithi yenyewe. Albamu ni kisa kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: sayari ya Sunhillow inakaribia kuangamizwa na milipuko ya volkano, na makabila yake manne yanapaswa kuhama kwa chombo kimoja, Moorglade, kwenda kutafuta makao mapya. Watatu ndio wanaobeba kazi. Olias anajenga chombo. Ranyart anakielekeza. QoQuaQ anayaunganisha makabila yakubali kupanda pamoja.

Nilihofia kwamba kwa Kiswahili kitasikika kama katuni. Kinyume chake, kimekaa. Olias ni fundi wa chombo, na pwani yote inajua heshima ya fundi wa chombo. Na Ranyart ni rubani. Hilo neno limenifurahisha asubuhi nzima: kabla ya kuhamia kwenye ndege, rubani alikuwa mwelekeza chombo baharini, ajuaye mkondo na mwamba. Kwa chombo cha tanga kinachopaa angani, Kiswahili kilikuwa na neno linalobeba bahari na anga kwa pamoja, limekaa tu linasubiri.

QoQuaQ tumeshindwa. Mpwa wangu anataka "Kokwaki". Mimi nasema hilo ni jina la dawa ya kikohozi. Makabila nayo ni Nagrunium, Asatranius, Oractaniom na Nordranious. Nimeyasoma kwenye maiki mara tisa, na kila mara moja linanitoka kama jina la ugonjwa wa mifugo. Kwenye kipindi nitayataja mara moja, kisha ni "yale manne".

Chanzo cha kisa kimo kwenye karatasi, si kwenye sauti. Mwaka 1971 mchoraji Roger Dean alichora kava la Fragile ya Yes: sayari ndogo kama chungwa, na upande wa nyuma imepasuka vipande, na chombo cha mbao kinaelea angani. Anderson aliendelea kukiwaza kile chombo kwa miaka. Hata hivyo kava la Olias si la Dean, kama watu wengi wanavyodhani. Ni la David Fairbrother-Roe. Nimeliegemeza ukutani juu ya meza ya kazi. Ukilitazama sana linakupa hisia kwamba mtu alipewa muda mwingi kuliko aliouhitaji, na ninasema hivyo kwa mapenzi.

Kitu kingine nimekiandika pembeni ya daftari na sijui nitakiweka wapi. Mtu kasimulia jinsi makabila manne yalivyojifunza kusafiri pamoja, na kaisimulia akiwa kawaacha wenzake wanne nje ya mlango.

22 Juni

Umeme hakuna tangu saa nne asubuhi. Nimefua.

28 Juni

Diski ya nje imekufa. Haikuanguka, haikulowa, imetoa mlio kama mtu anayekwangua sufuria, ikanyamaza. Ndani yake kulikuwa na kazi yote ya tarehe 14 na nusu ya masimulizi. Nakala ya pili? Nilikuwa nimepanga kuitengeneza wikendi hii. Kosa langu, naliandika ili nisijidanganye baadaye.

Mpwa wangu amechukua habari hizo vizuri kuliko mimi. Kauliza tu kama nitanunua asali.

1 Julai

Tumerudia. Sauti 16 za "safari" za mara ya pili ni safi zaidi na mbaya zaidi. Ule uchovu wa mwisho, wale wazee wetu, haukurudi. Sasa anajua anachofanya, na umati unasikika umefanya mazoezi. Nimemwambia aimbe nne za mwisho baada ya kupanda na kushuka ngazi. Imesaidia kidogo. Asali nimenunua.

6 Julai

Suala la Vangelis.

Huwezi kuzungumza na mtu anayeijua albamu hii dakika tano bila kuambiwa kwamba yule mpiga kinanda wa Kigiriki alikuwamo kimyakimya, na kwamba zile sinthesaiza ni zake. Uvumi una mguu wa kusimamia. Wakeman alipoondoka 1974, Vangelis alijaribiwa na Yes kabla ya Moraz kupatikana. Mwaka 1975 Anderson aliimba kwenye albamu yake Heaven and Hell. Baadaye wakawa kundi la watu wawili, na albamu ya kwanza ya Jon na Vangelis ilitoka 1980. Kwa hiyo walikuwa marafiki hasa wakati ule, na Olias ina harufu ya rafiki huyo, hasa pale kinanda kinapotanda chini kama ukungu.

Lakini Anderson amekana, na mimi namwamini, kwa sababu ya masikio tu. Vangelis alikuwa na mikono; akigusa kinanda unasikia mtu anayejua vidole vyake vinakwenda wapi. Kwenye Olias vidole vinatafuta. Mtu anashika sauti moja, anaipenda, anakaa nayo, anaongeza ya pili juu yake kwa tahadhari. Ni mpigaji anayejifunza huku akirekodi, na anayejua mipaka yake kiasi cha kutoikimbilia. Anderson alikuwa mwimbaji. Kabla ya Yes alifanya kazi kwenye baa ya klabu moja ya wanamuziki huko Soho, La Chasse, na ndipo alipokutana na Squire mwaka 1968. Kwenye bendi ya mafundi wale yeye alikuwa mtu wa kuja na wazo la wimbo na gitaa la kubahatisha, kisha wengine wanalichukua na kulifanya mlima. Sasa hapa hakuna wa kumkabidhi. Kila wazo lazima alibebe mwenyewe hadi mwisho, kwa vidole vile vile.

Sehemu hii ya kipindi inanitoka vizuri kuliko zote. Dakika sita, sikuandika hata neno, nilizungumza tu.

12 Julai

Leo nimehesabu: kwenye maandishi yangu maneno "peke yake" yametokea mara 11.

Halafu nimechukua kioo cha kukuzia na kusoma kava kwa ndani, jambo nililopaswa kulifanya tarehe 3 Juni. Fundi mitambo: Mike Dunne. Kumbe bandani kulikuwa na mtu wa pili.

Haipunguzi chochote katika alichofanya Anderson. Noti zote ni zake. Ila inabidi nifikirie upya chumba kile. Mtu aliyekumbatia kinubi hawezi kufika kwenye mashine ya kanda kubonyeza. Lazima kuna mwingine amekaa pale, amevaa hedifoni, anasema "tayari", anarudisha kanda nyuma, anasema "tayari" tena. Amesikia kila jaribio lililoharibika. Siku ya kwanza hadi ya mwisho alikuwa msikilizaji pekee wa kabila zima. Na sisi hapa je? Ninaposimulia, anayebonyeza ni mpwa wangu. Anapoimba, ninayebonyeza ni mimi.

Kati ya yale 11 nimebakiza mawili. Sentensi ya kufungulia nayo imekufa. Sasa kipindi kinaanza na sauti ya mtu akibonyeza kitufe na kusema "tayari". Ni sauti ya mpwa wangu, na hakujua kama inarekodiwa.

14 Julai

Kilichokatwa: dakika nne kuhusu miaka ya baadaye. Mwaka 2008 Anderson aliugua mapafu vibaya, bendi ikaendelea na mwimbaji mwingine. Yeye akatangaza kwenye mtandao kwamba anatafuta wanamuziki, watu wakamtumia muziki kutoka huku na kule, na kutokana na hayo akatoa albamu mwaka 2011. Kisa kizuri: mtu yuleyule, banda limekuwa intaneti. Lakini ni kipindi kingine, na kila nilipokisikiliza kilivuta huku mkia ukitangulia kichwa. Nimekata. Bado kinaniuma.

15 Julai

Nilitaka mpwa wangu asikilize albamu yote, pande zote mbili, dakika 40 na ushee, bila mimi kuzungumza. Kwa wiki sita tumekuwa tukiitumia kama bidhaa dukani, kipande hiki, kipande kile. Kalala sakafuni, hedifoni masikioni, mguu mmoja juu ya kiti. Kwenye upande wa pili sindano iliruka pale kwenye mkwaruzo, hakutikisika.

Ilipoisha kakaa kimya, halafu: "Mjomba, sauti ya nne iko wapi?"

Nikamwuliza ana maana gani, ingawa nilijua. Kasema kwenye kwaya yao wiki wakiwa hawana watu wa sauti ya nne, ile besi nzito ya wanaume, mwalimu hapandishi wimbo. Afadhali wakose sauti ya kwanza. "Huku juu wako wengi mno. Chini hakuna mtu anatembea."

Nimeisikiliza albamu hii miaka 20 na sijawahi kuliweka hivyo. Si kwamba hakuna sauti nzito. Kuna ngoma, kuna sinthesaiza inayonguruma. Ila inatanda, haitembei. Kwenye Yes aliyetembea alikuwa Squire, na besi yake ya Rickenbacker aliyoipiga kwa kidonoo, sauti yake ya chuma, inakwenda njia yake chini ya kila kitu kama mtu mwenye shughuli nyingine mjini. Na nimekumbuka jambo ambalo sikuwa nimeliona lina kazi hapa: Squire alikulia kwenye kwaya. Akiwa mtoto aliimba kanisa la Mtakatifu Andrea, Kingsbury, kaskazini-magharibi ya London, chini ya mwalimu Barry Rose. Ndiyo maana kwenye Yes alikuwa pia sauti ya kusindikiza, ile inayokaa karibu na ya Anderson na kuipa unene. Kwa hiyo Anderson alipofunga mlango wa banda alikosa vitu viwili kwa mtu mmoja: sauti ya nne, na jirani wa sauti yake mwenyewe. Hicho cha pili alijaribu kukitengeneza kwa kujiimbia mara nyingi. Cha kwanza huwezi kukitoa kooni mwa mtu mwenye sauti kama ile.

Je, ni kasoro? Ndiyo. Katikati ya upande wa pili ninachoka, nimechoka kila mara kwa miaka 20, na leo nimejua kwa nini. Lakini ningeongeza besi? Ningekataa. Kisa ni cha watu walioachwa na ardhi. Nimemwambia mpwa wangu hivyo, kanijibu kwamba hiyo ni hoja ya mtu anayetetea kwaya isiyo na wanaume. Yote mawili yameingia kwenye kipindi, swali lake na jibu langu na jibu lake. Nimewasha maiki, tukarudia mazungumzo. Mara ya pili hayakuwa mazuri kama ya kwanza. Daima ndivyo.

19 Julai

Miksi imekamilika: dakika 41 na sekunde 20.

Sehemu ya mwisho ni fupi, kama ilivyotakiwa. Albamu ilifika nafasi ya 8 Uingereza na ya 47 Marekani. Bendi ikarudi kwenye chungu, Wakeman naye akarudi kwenye kinanda, wakaenda Montreux huko Uswisi kurekodi Going for the One, iliyotoka 1977 na kukaa kileleni Uingereza. Mle kuna "Awaken", wimbo wa robo saa, na katikati yake utasikia kinubi. Ni Anderson. Vidole bado vinatafuta, lakini sasa chini yake kuna Squire.

Jogoo amebaki kwenye dakika ya 33. Nimejaribu kila njia. Ukimjua utamsikia, usipomjua utadhani ni mlango.

20 Julai

Faili limepakiwa saa mbili usiku.

Baadaye nimemwekea mpwa wangu Fish Out of Water, ile ya Squire, bila kumwambia ni ya nani. Wimbo wa kwanza una ogani ya kanisa, na anayeipiga ni Barry Rose yuleyule, mwalimu wake wa kwaya. Mpwa wangu alikuwa anakunja magodoro. Besi ilipoingia kaacha godoro moja limekunjwa nusu.

"Huyu hapa," kasema. "Alikuwa kwake."